Upande wa Kushoto wa Averla

Modena, 3 Machi 1986

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Corrado Bellentani,
Brescia

YAH: OMBI LA KUTOGUSWA KWA UPANDE WA KUSHOTO WA GARI LIITWALO AVERLA

Mheshimiwa Mhandisi,

Mimi niliyetia saini hapo chini, Iolanda Scapinelli, mjane wa marehemu Amos Scapinelli, fundi wa kupiga bati, naomba kuwasilisha mbele yako ombi lifuatalo, nikiamini kwamba mtu mwenye elimu yako hatalisoma akiwa amesimama.

Nimearifiwa na muuza nyama wetu, ambaye shemeji yake anauza matairi huko Brescia, kwamba umeinunua Averla iliyokutwa zizini karibu na Piacenza, imefunikwa marobota ya nyasi. Na kwamba unakusudia kuitengeneza upya na kuzifanya pande zake mbili zilingane. Habari ya kwanza ilinifurahisha. Ya pili ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Averla zilitoka tatu tu, katika karakana ya Tosatti, nyuma ya reli. Ya kwanza iliungua katika mashindano ya kupanda mlima. Ya pili ilipelekwa Argentina na hatukusikia habari zake tena. Yako ndiyo iliyobaki. Aliyeibuni ni marehemu Ottorino Vezzali, ambaye hakuipenda karatasi: aliichora kwa mkaa ukutani, kwa ukubwa wake kamili, pua ndefu iliyoinama, mdomo mwembamba, mgongo unaoteremka bila kusita hadi kwenye mkia uliokatwa wima. Akaipa jina la ndege mdogo anayechoma mawindo yake kwenye miiba.

Bodi ilipigwa kwa mkono, bati la alumini juu ya gogo na juu ya mfuko wa mchanga, kisha ikapimwa juu ya kiunzi cha waya. Na desturi ya Tosatti ilikuwa hii: kila upande una mtu wake, kuanzia taa ya mbele hadi taa ya nyuma, na mwenzake haugusi hata kwa kidole. Kushoto alikuwa Amos. Kulia alikuwa Secondo Prandi. Kwa sababu hiyo pande hizo hazilingani, na hazikupata kulingana tangu siku gari lilipotoka mlangoni.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Hakuacha mtoto, wala sauti yake mahali popote. Aliacha upande huo. Naomba ubaki kama alivyouacha.

Nikitaraji jibu lenye busara, nabaki,
wako mtiifu,
Iolanda Scapinelli


Brescia, 24 Machi 1986

Bibi Scapinelli,

Nashukuru kwa barua yako na kwa maelezo ya historia, ambayo mengine sikuyajua.

Kuhusu ombi lako, hali ni hii. Mwezi Oktoba nitaipeleka Averla kwenye maonyesho ya magari ya kale kando ya ziwa. Waamuzi huko wanazunguka gari na kipimo mkononi. Nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa kulia umevimba kuliko wa kushoto kwa unene wa vidole vitatu. Gari la namna hiyo wataliona kama lililogongwa likatengenezwa na fundi wa barabarani. Siwezi kusimama kando yake na kuwasimulia habari za ndoa yako.

Lazima upande mmoja ufuate mwingine. Ninachohitaji kwako ni jibu moja tu: upi ndio sahihi kufuatana na mchoro wa Vezzali? Swali hilo hilo nimempelekea Bwana Prandi.

Mhandisi C. Bellentani


Modena, 29 Machi 1986

Mheshimiwa Mhandisi,

Nimepokea barua yako. Neno "ndoa" halikuwamo katika ombi langu na sioni limeingiaje katika jibu lako.

Unauliza upande upi ni sahihi kufuatana na mchoro. Kwa masikitiko nalazimika kukueleza kwamba mchoro ulikuwa wa upande mmoja. Ukuta ulikuwa mmoja, na Vezzali aliichora Averla kama anayeitazama ikipita barabarani. Kuhusu ule upande mwingine alisema, "Huo mnaujua wenyewe." Nilikuwapo, nilikuwa nimempelekea Amos chakula. Kwa hiyo swali lako halina jibu, kama vile mtu akuulize kati ya macho yako mawili lipi ni nakala ya lingine.

Tafadhali zingatia hilo kabla ya kulipa fundi yeyote.

Hata hivyo, kwa kuwa umelazimisha jibu na kwa kuwa umemuuliza pia Bwana Prandi, ambaye hajapata kuikosa nafasi ya kujisifu, naona ni wajibu wangu kutamka wazi: ikiwa ni lazima upande mmoja uitwe sahihi, basi ni wa kushoto. Mstari wa Amos unatoka kwenye taa hadi kwenye mlango bila kituo, na mtu akiupitisha kiganja hajui bati limeanzia wapi na limeishia wapi. Vezzali mwenyewe aliusifu.

Wako mtiifu,
Iolanda Scapinelli


Brescia, 15 Aprili 1986

Bibi Scapinelli,

Bwana Prandi ameniandikia mistari minne. Anasema upande sahihi ni wa kulia, na kwamba Vezzali mwenyewe aliusifu.

Naona nimenunua magari mawili yaliyounganishwa katikati. Kwa vile ninyi wawili mnakubaliana juu ya jambo moja tu, yaani kwamba upande mmoja ni sahihi na mwingine sio, nitaendelea na kazi kama nilivyopanga.

Mhandisi C. Bellentani


Modena, 20 Aprili 1986

Bwana Prandi,

Ni muda mrefu hatujaandikiana, na nisingelianza leo pasipo sababu ya msingi.

Mhandisi Bellentani wa Brescia anataka kuukata upande mmoja wa Averla na kuupiga upya. Ametuuliza mimi na wewe, na sisi kwa majibu yetu tumempa msumeno. Kila mmoja ameutetea wake. Yeye amesikia kwamba mmoja haufai.

Napendekeza tumpelekee ombi la pamoja lenye saini zetu mbili, likisema kwamba pande zote mbili ni halali na kwamba tofauti yake ndiyo alama ya karakana ya Tosatti. Ombi nimekwisha kuliandika na nakala nimeiambatanisha. Unatakiwa kutia saini chini kulia tu. Usirekebishe maneno.

Wasalaam,
Iolanda Scapinelli


Sassuolo, 2 Mei 1986

Shemeji Iolanda,

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikujua kama unaniomba au unanishtaki.

Ombi ni zuri sana. Maneno mengine ilibidi nimuulize binti yangu. Lakini kutia saini sitii, mpaka uongeze mstari mmoja: kwamba upande wa kulia umevimba kwa sababu. Ekzosi za Averla, yale mabomba matatu ya moshi, zilipita zote upande wangu, nyekundu kama makaa gari likipanda mlima. Bati lilihitaji nafasi ya kupumua. Upande wa Amos hapakuwa na kitu ila hewa, ndiyo maana aliweza kuunyoosha akaupendezesha. Nilimweleza mara ngapi. Alikuwa akipita nyuma yangu na nyundo yake begani: "Secondo, upande wako una mimba. Mwite mkunga." Namwambia, "Na wako umekonda kama padri wakati wa Kwaresima." Karakana nzima inacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, usifikiri.

Sikucheka mwaka ule Tosatti alipofunga. Kile kiwanda kikubwa chenye geti kilituma mtu, akasema anamtaka fundi mmoja. Akatazama Averla iliyokuwa pale imekuja kutengenezwa taa, akauliza, "Huu upande mzuri ni wa nani?" Amos alikuwa amesimama karibu nami, kofia mkononi. Akasema, "Wangu." Basi. Neno la pili halikutoka. Hakusema, na huyu mwenzangu ana sababu yake. Mimi nikaja huku Sassuolo kupiga mabati ya dohani za tanuri za vigae, na nimezipiga mpaka nikastaafu. Dohani hazina upande mzuri.

Ukiongeza mstari huo, natia saini.

Secondo


Modena, 9 Mei 1986

Bwana Prandi,

Mstari unaoutaka siwezi kuuongeza. Ukisomwa na Mhandisi, atakachoelewa ni kwamba upande wako una sababu na wa mume wangu hauna. Atauchukua msumeno siku hiyo hiyo na atakuwa ameongozwa na saini yangu mwenyewe. Unaniomba nitie saini dhidi ya Amos katika ombi la kumtetea Amos.

Umeandika kwamba neno la pili halikutoka. Siku ile alirudi nyumbani akakaa mezani bila kuvua koti. Nilimuuliza, "Umepata kazi?" Akasema, "Nimepata." Nikamwambia, "Basi kula." Hakula. Supu ikapoa mbele yake mpaka nikaiondoa. Zaidi ya hapo sijui, na sikukusudia kukuandikia hata hilo.

Natarajia urudishe nakala ya ombi ikiwa na saini, bila nyongeza.

Iolanda Scapinelli


Brescia, 18 Juni 1986

Bibi Scapinelli,

Nimepokea maombi yako ya tarehe 16 Mei, 27 Mei na 5 Juni, pamoja na lile ulilompelekea mke wangu. Nakuomba sasa uache.

Nakujulisha, kwa adabu tu, kwamba katika mji huu sikumpata fundi anayeweza kupiga bati lile. Vijana wanajua kuziba kwa puti na kusugua kwa msasa. Kwa hiyo nimemwajiri Bwana Prandi mwenyewe, ambaye kwa umri wake bado ana mkono wa ajabu, na atakaa hapa hadi kazi iishe. Maagizo niliyompa ni mafupi: upande wenye kasoro aulinganishe na ulio sahihi. Upi ni upi nimemwachia yeye, kwa kuwa nimechoka kuuliza.

Mhandisi C. Bellentani


Modena, 21 Juni 1986

Bwana Prandi,

Nimearifiwa.

Nilikuandikia uniunge mkono, ukaomba mstari. Mhandisi alikuandikia uje na nyundo, ukaenda bila kuomba mstari wowote. Sasa umepewa upande wa Amos, na ruhusa ya kuufanya vile ulivyokuwa ukitaka tangu mwanzo, na hakuna mtu wa kupita nyuma yako na kukutania.

Najua kwamba ulidhulumiwa, ikiwa ndilo neno ulilotaka kulisikia kutoka nyumba hii. Nalitamka. Lakini aliyekudhulumu yuko makaburini San Cataldo na hawezi kusogeza mkono kukuzuia, na upande ule ndio mahali pa mwisho duniani ambapo mtu akiweka kiganja anakutana na kazi yake. Magari aliyoyapiga kule kwenye kiwanda chenye geti yalipita mikononi mwa watu kumi. Hata yeye hakuyatambua barabarani. Hili alilitambua kwa mbali, kwa mlio na kwa ubavu.

Kama umekwisha kuanza, usinijibu. Kama hujaanza, nakuomba, bila maneno ya kisheria, usianze.

Iolanda Scapinelli


Modena, 30 Julai 1986

Bwana Prandi,

Hujanijibu. Nimeelewa.

I. S.


Brescia, 8 Septemba 1986

Bibi Scapinelli,

Kazi imekamilika na nadhani ni haki ujue kabla hujasikia kwa muuza nyama. Pande zimelingana. Fundi wangu amepitisha kipimo na amevua kofia.

Nakiri kwamba nilitarajia Bwana Prandi angeutetea wake. Lakini alipofika alilizunguka gari kutwa nzima, akaomba kiti, akaketi upande wa kushoto, akaugusa. Kesho yake akaukata wa kulia. Alikataa kabisa kusaidiwa kuukata. Upande wa mume wako haukuguswa, ila kwa rangi. Kwa maneno mengine, umeshinda, na natumaini kwamba posta ya Modena sasa itapumzika.

Ukitaka kuliona kabla halijaenda ziwani, mlango uko wazi.

Mhandisi C. Bellentani


Modena, 11 Septemba 1986

Bwana Prandi,

Mhandisi ameniandikia kwamba nimeshinda. Nimelisoma neno hilo mara nyingi na linazidi kunikera.

Nani alikuomba hilo? Tafuta katika barua zangu zote, nakala ninazo. Niliomba upande wa kushoto usiguswe. Sikuandika popote kwamba wa kulia ukatwe. Ombi la pamoja, ambalo ulikataa kulitia saini kwa kiburi chako, lilisema pande zote mbili. Sasa umeniacha na deni ambalo sijui liandikwe kwa maneno gani, nami ni mtu ambaye mtaa mzima unamjia ukikosa maneno.

Na ile barua yangu ya Juni umeisoma, kisha ukakaa kimya mpaka Septemba, ukaniacha niamini nilichoamini. Nimekuwa nikikusema vibaya jikoni, peke yangu, majira yote ya joto.

Naomba maelezo.

Iolanda Scapinelli


Sassuolo, 19 Septemba 1986

Shemeji,

Maelezo ni mafupi. Mimi si mtu wa nakala.

Kwanza, usije ukaenda kusema mjini kwamba Secondo amekubali upande wake ulikuwa mbaya. Bado nasema wangu ndio uliokuwa sahihi. Ekzosi ni ekzosi. Gari lile likipanda mlima leo kwa mwendo tuliouzoea, rangi ya upande wa kulia itaungua kabla halijafika kona ya tano. Lingekuwa la kukimbia nisingethubutu. Lakini nilimuuliza Mhandisi, "Utalipeleka mlimani?" Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Litashushwa kwenye lori, litasukumwa kwa mkono hadi kwenye majani, watu watakunywa divai kando yake. Kwa kazi hiyo hata bati la Amos linatosha.

Pili, hizo barua zako. Ya Juni nilikuwa nayo mfukoni pale. Sikukujibu kwa sababu sikuwa nimeamua, na mtu ambaye hajaamua akiandika anadanganya. Nilikwenda nikiwa na hasira, usifikiri nilikwenda kama mtakatifu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua nyundo. Nikaweka mkono kwenye ubavu wake ili nijue pa kuanzia kukata. Pale nyuma ya gurudumu kuna mahali alipokuwa akipumzika. Yeye alipiga kwa mkupuo, akasimama, akavuta pumzi, akaanza tena. Kifua chake kilikuwa kibovu hata wakati ule. Huwezi kuliona hilo kwa macho, ila kwa kiganja. Nilisimama karibu naye miaka yote, nikitazama bati langu.

Basi nikafikiri hivi, Shemeji, na ni wazo lisilo na ustadi: mimi niko hai. Upande wangu naweza kuupiga tena kesho nikipewa bati na gogo. Wake nani ataupiga? Nililikata bati langu mwenyewe kwa sababu sikutaka mvulana wa puti aliguse.

Lile deni lako, lifute. Sikukufanyia wewe, wala yeye. Au nilimfanyia yeye, lakini ili akose la kusema.

Secondo


Modena, 28 Septemba 1986

Shemeji Secondo,

Nimekwenda Brescia kwa treni. Mhandisi alinipokea vizuri, akanipa kahawa katika kikombe chembamba mno, akaniongoza hadi kwenye gari, kisha akaitwa kwenye simu, jambo lililonifaa.

Nilianza kushoto. Sitakuandikia juu ya hilo.

Kisha nikazunguka kulia, nikiwa nimejiandaa kumkuta Amos pale pia, kama kwenye kioo. Nikavua glavu nikapitisha kiganja kuanzia kwenye taa, polepole, kwa namna aliyonifundisha yeye, macho yakiwa yamefumbwa. Mstari unakwenda vizuri. Unakwenda kama wake. Lakini nyuma ya gurudumu, pale chini ambapo kipimo cha waamuzi hakifiki, bati linajaza kiganja. Si vidole vitatu. Labda ni unene wa kipande cha nguo. Lakini limejaa, Shemeji, na linakwenda limejaa mpaka chini ya mlango, na mimi nimeolewa na mpiga bati. Najua kutofautisha mkono uliokosea na mkono uliokataa.

Kwa hiyo gari hilo litakwenda ziwani likiwa na ninyi wawili, na mnabishana bado. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimeshikwa na ugonjwa.

Jumapili nitakunja tortellini, zile tambi za kujazwa nyama. Ni nyingi mno kwa mtu mmoja, na mkono wangu haujui kukunja chache. Basi la kutoka Sassuolo linasimama mbele ya kanisa. Njoo na binti yako. Ukitaka kusema habari za ekzosi mezani, utasikilizwa, ingawa si lazima nikubali.

Mhandisi aliporudi aliniuliza kama nimeridhika, nikasema nimeridhika. Akaniomba nikifika nyumbani nimwandikie maoni yangu juu ya kazi yako, kwa kirefu, ili awaonyeshe waamuzi. Nimemjibu kwamba asinitegemee, kwa kuwa mimi si mtu wa kuandika barua.

Shemeji yako,
Iolanda